Hofu ya kusimama na kuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hofu inayomkaba mtu mzima kooni pale anapotaka kusimama mbele ya wenzake na kuuliza swali. Huku kwetu Newala tunaiona katika mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, hasa Oktoba inapokaribia na minada ya korosho kuanza. Wanachama hujaa chini ya mwembe, taarifa ya makato, yaani fedha zinazokatwa kwenye malipo ya korosho zetu, husomwa harakaharaka, mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye swali, na watu wote huinamisha vichwa. Njiani wakati wa kurudi nyumbani ndipo maswali humiminika.

Wapo wanaosema kwamba kimya hicho ni heshima, na wapo wanaosema ni uelewa mdogo wa wakulima. Sikubaliani na wote wawili. Ninavyowajua wanawake wenzangu, wengi wana swali lililokamilika kichwani, ila wanaogopa kuchekwa kwa sababu Kiswahili chao kina Kimakonde ndani yake, wanaogopa kuitwa wachochezi, na walio wajane wanaogopa kuulizwa shamba ni la nani. Kila mmoja hudhani kwamba hofu hiyo ni yake peke yake, kwa hiyo huionea aibu na kuificha.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inautambua mkutano mkuu kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika chama, na kura ya mwenye gunia moja ni sawa na ya mwenye magunia mia.

Nguvu ya kuikabili hofu hiyo, kwa maoni yangu, imo katika kazi yetu wenyewe. Mama anayeamka alfajiri kupulizia mikorosho salfa kabla upepo haujaanza, ili ugonjwa wa ubwiriunga usiharibu maua, na msimu ukifika akaokota chini ya miti, akasokota kila korosho kuitenga na tunda lake, bibo, akazianika juani siku mbili tatu, kisha akazitikisa kiganjani na kusikiliza mlio wake kujua kama zimekauka, mama huyo anaijua korosho kuliko wengi wanaoketi meza kuu. Tumeizoea kazi hiyo hadi tunaiona ni jasho tu la kutafutia ada za watoto, wakati ndani yake mna maarifa na maamuzi ya kila siku. Anayeitambua thamani hiyo huwa na cha kusimamia anapoinuka kusema, hata kama magoti yanatetemeka. Na yatatetemeka, tusidanganyane.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye mizani, kwa kumwomba karani asome kilo kwa sauti na kuhakiki jina na uzito kwenye stakabadhi kabla ya kuondoka ghalani. Jirani yangu alianza hivyo. Baadaye alisimama mkutanoni kuuliza kuhusu kato moja ambalo halikuwa na maelezo, sauti ikamkatika katikati, akanyamaza kidogo, akaanza upya. Kato lenyewe halikupungua, lakini lilielezwa mbele ya wote, na wanawake wengine wawili wakanyoosha mikono baada yake. Tangu hapo namwona akienda shambani kama mtu anayekwenda kwenye mali yake, na hilo kwangu si jambo dogo.

Nawaomba viongozi wa vyama wabandike orodha ya makato ukutani siku kadhaa kabla ya mkutano, ili mtu apate muda wa kuipitia na kupanga maneno yake, na waruhusu maswali yaulizwe kwa Kimakonde. Nawe Mhariri, msimu huu tuchapishie makato ya kila kilo kwa lugha nyepesi, kisha uwaulize wanachama wenyewe, wanawake wakiwemo, kama ndivyo walivyokatwa.

Mama mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara