Braza wa Kariakoo, asante sana aisee
Yule braza wa maduka ya kompyuta Kariakoo, juzi nilikuja na kiroba cha vitu vya zamani baada ya kubadilisha mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), jina sikukuuliza ila asante sana. Ram zangu (vile vipande vya memori) za DDR3, aina ya zamani, nilishaanza kuzilazimisha kwenye bodi mpya ya DDR4, ukacheka wee ukanionyesha ule mkato wa katikati umekaa pengine kabisa, ram zenyewe ukamfungia dogo mmoja wa chuo kwenye desktop yake ikawaka palepale! Hadi diski ya GB 500 umeitia kwenye kava la USB, saa hizi imejaa katuni za watoto. Betri ya laptop iliyovimba ukaitenga, ukanionya nisiitoboe wala kuichoma inaweza kulipuka. Na hela ya soda ukakataa, mi nakudai hiyo soda.