Baiskeli za mashindano zinafaa njia zetu, tuanzie kwenye matairi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie baiskeli nyembamba za mashindano, zile za mitumba kutoka Ulaya, ambazo wengi wetu huzinunua kwa sababu ya wepesi wake kisha tukaziacha zimeegemezwa ukutani kwa kuwa haziendeki kwenye barabara za murram. Hapa Jinja nasikia malalamiko hayo kila ninapokutana na waendeshaji wenzangu kwenye njia za mashamba ya miwa upande wa Kakira: mgongo unauma, mikono inakufa ganzi, na pancha haziishi. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila fedha za kuyatatua huelekezwa kusikostahili, kwani mtu hununua kwanza kiti kinene chenye springi, kisha usukani ulionyooka, na matairi akayaacha vilevile.

Baiskeli nyingi za aina hii huja na tairi la upana wa milimita 23, ambalo hulazimika kujazwa upepo hadi karibu pauni 100 kwa inchi ya mraba, la sivyo ringi huibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Likijazwa hivyo huwa gumu, na kila kokoto humfikia mwendeshaji mifupani. Tairi la milimita 28 huridhika na pauni 70 hivi kwa mtu wa uzito wa wastani, na la 32, ikiwa fremu inalipokea, huweza kushushwa hadi 55 au 60. Upepo huo uliopunguzwa hufanya kazi ambayo kiti cha springi hakiwezi, kwa sababu hutuliza mtikisiko kabla haujafika kwenye fremu.

Fremu itapokea upana gani ni jambo la kupima, si la kukisia. Tairi jipya likishavalishwa na kujazwa upepo, chukua ufunguo wa umbo la L wa milimita 4, uupitishe kati ya tairi na uma (sehemu inayolishika gurudumu la mbele), chini ya breki, na pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ukikwama mahali popote, tairi hilo ni pana mno, kwa maana udongo wetu mwekundu ukilowa hushikamana na mpira na kujaza nafasi yote iliyobaki. Fremu za mashindano zenye breki za kubana ringi kwa kawaida huishia 25 au 28, ilhali zile za zamani zilizotengenezwa kwa safari ndefu mara nyingi hupokea 32.

Sokoni pana mtego mwingine. Baiskeli zetu za kawaida za kubebea mizigo hutumia tairi lililoandikwa 28 x 1½, yaani kwa inchi, ambalo ringi yake ina kipenyo cha milimita 635, lakini ringi ya baiskeli ya mashindano ni 622. Tofauti hiyo ya milimita 13 ni vigumu kuitambua kwa macho tairi likiwa limening'inizwa dukani, ila likivalishwa hulegea na laweza kuchomoka ukiwa mteremkoni. Muuzaji akishikilia kwamba zote ni za inchi 28, msomee tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi: zitakazokufaa ni 28-622 au 32-622, yaani upana wa tairi kisha kipenyo cha ringi, vyote kwa milimita.

Vali nazo zina kisa chake. Za baiskeli hizi ni nyembamba, na pampu nyingi za mafundi wa barabarani hazizishiki, hivyo wapo wanaoitanua tundu ya ringi kutoka milimita 6.5 hadi 8.5 ili ipokee vali nene. Kwenye ringi nyembamba jambo hilo silishauri hata kidogo. Kuna kiungio kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya vali, nacho ni cha bei nafuu.

Kuhusu usukani, asiyependa kuinama anaweza kuigeuza shingo yake itazame juu na kuuzungushia utepe tabaka mbili. Anayesisitiza kuweka usukani ulionyooka ahakikishe vishikio vya breki vinalingana na breki zenyewe, kwa sababu vile vya baiskeli nyingi za milimani huvuta waya mrefu zaidi, na vikifungwa kwenye breki za mashindano, mkono huhisi ugumu huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Gia ni suala dogo: kubadilisha gia kubwa ya nyuma, kutoka meno 25 hadi 28, husaidia kwenye vilima, na mara nyingi hakuhitaji kifaa kingine.

Ombi langu ni kwa wafanyabiashara wanaoingiza vipuri: maduka yamejaa viti vya springi, lakini tairi la 32-622 hulipati mpaka uagize. Yaletwe, hata kama ni machache kwa kuanzia.

Msomaji wenu,
Jinja