Risala ya Umoja wa Wazazi na Wauguzi wa Wodi ya Watoto Wachanga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi na wauguzi wenzetu, karibuni sana.

Umoja wetu ulianzishwa na wazazi wa watoto waliochelewa kulia. Leo mafanikio ni makubwa mno: tumeshona mapazia ya wodi, tumenunua kabati la dawa, na kila mkunga wa zamu anajua kumpa kichanga pumzi 40 kwa dakika kwa ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa, akianza kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Mheshimiwa, kinachotuumiza ni saa zinazofuata. Kichanga aliyekosa hewa, hata akishapumua na rangi ikarudi, ubongo wake umetulia kwa muda tu. Baada ya saa 6 hivi seli huanza kuishiwa nguvu mara ya pili. Utaona midomo inanyonya ovyo, miguu inapiga kama anaendesha baiskeli, macho yamekodoa upande mmoja. Hilo ni degedege. Ndiyo maana mtoto aliyetimiza wiki 36 tumboni, mwenye dalili za kati au kali, huanza kupozwa mwili ndani ya saa hizo 6: joto la ndani nyuzi 33 hadi 34, kwa saa 72, kisha apashwe polepole, isizidi nusu nyuzi kwa saa. Akipashwa haraka, degedege hurudi na presha hushuka.

Pakiti za barafu tusizitegemee. Joto huporomoka chini ya 32, mapigo ya moyo hupungua, damu hushindwa kuganda. Inatakiwa mashine ya kupoza inayosoma joto kupitia kihisi kilichoingizwa njia ya haja kubwa, ikajirekebisha yenyewe.

Mashine hiyo iliombwa katika risala ya mwaka juzi, na ya mwaka jana. Ahadi zote mbili tulizipigia makofi. Kilichofika ni godoro lake, bila kihisi wala mtambo wa kuzungusha maji ya kupoza ndani yake. Tumelitunza; lipo pale nyuma ya kiti chako, Mheshimiwa, bado limo kwenye nailoni.

Mashine ya kupumulia na vipimo vya sukari na gesi za damu tunavyo, maana bila hivyo kupoza ni hatari. Kwa heshima kubwa tunaomba mtambo unaooana na godoro hili, vihisi vya kutosha, na fundi wa kuufunga. Tungeshukuru zaidi jibu likija kwa maandishi, lenye tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.