Daktari wa Lamu wa 2040 sasa yuko darasani

Mhariri,

Kila mgomo wa madaktari ukiisha, wakubwa hutoka na tarakimu. Tunaambiwa nchi ina madaktari kadha, vyuo vikuu vinatoa kadha kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linataka kadha kwa kila watu elfu. Mimi nimesomesha bayolojia na kemia katika sekondari za Lamu hadi nikastaafu, kwa hivyo hesabu sizichukii. Ila hizi hazitufai. Daktari aliyehesabiwa Nairobi hamtibu mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate.

Rai yangu ni kwamba mipango ya kupata madaktari ianzie kwa mtoto aliye sekondari: ajulikane anatoka wapi, atakuja kufanya kazi wapi, kazi gani, na mshahara wake utatoka mfuko upi. Tukingoja hadi tangazo la ajira tumeshachelewa miaka kumi na tano.

Chukua mtoto atakayeanza udaktari chuo kikuu mwaka 2027. Atasoma miaka sita, halafu mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Hapo ni 2034, ndiyo kwanza anaruhusiwa kutibu bila kusimamiwa. Akitaka ubingwa wa watoto au wa uzazi, atafanya kazi kwanza, kisha arudi chuoni kwa miaka minne hivi. Kwa hiyo bingwa tunayemhitaji hapa mwaka 2040 sasa hivi yuko darasani, pengine Faza, pengine Mpeketoni, na hakuna ofisi hata moja ya Serikali inayomjua jina. Gavana hata akipewa mihula yote miwili ni miaka kumi. Si ajabu basi kwamba kujenga wodi na kukata utepe huwavutia zaidi kuliko kusomesha mtu.

Tatizo lingine limeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na kaunti ndiyo inayoajiri. Sera ya afya na vyuo vikuu vya umma vimebaki kwa Serikali Kuu. Anayefunza siye anayeajiri, na hawakai meza moja kuulizana. Matokeo yake Kenya imefanikiwa kuwa na vitu viwili ambavyo havipaswi kukaa nyumba moja: uhaba wa madaktari, na madaktari wasio na kazi. Mgomo wa 2024 ulichukua siku 56, na kiini kimoja cha ugomvi kilikuwa malipo ya wanagenzi. Mkataba wa madaktari na Serikali wa 2017 ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Vijana waliokwisha kugharimiwa miaka sita wakakaa nyumbani wakingoja kupangiwa vituo. Julai 2021 tulikuwa tumeshakubaliana na Uingereza tuwapelekee wauguzi wetu waliokosa ajira. Uingereza walijua wanataka wauguzi wa kufanya nini na wapi. Wenye wauguzi ndio hawakujua.

Sasa nieleze kwa nini idadi peke yake hudanganya. Miaka ya nyuma, kabla ya 2014, nilimsindikiza binti wa jirani kutoka Faza, kisiwani Pate, kwenda hospitali ya Lamu mjini, pamoja na mumewe na mamake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya. Mlango wa Mkanda, njia yetu ya boti, ulikuwa bado haujachimbwa, maji yamekupwa, nahodha akazima mashini tukakaa kando ya mikoko tukingoja yajae. Mamake alikuwa akimpangusa uso kwa ncha ya leso na kumsomea. Tulipofika hospitalini daktari alikuwepo, kijana mdogo, alikuja mbio hata viatu hajafunga kamba. Chumba cha upasuaji kipo, taa zinawaka. Aliyekosekana ni mtu wa kutia dawa ya usingizi. Alikuwa mmoja tu na siku hiyo alikuwa safarini. Tukarudi kwenye boti hadi Mokowe, upande wa bara, tukapandishwa gari, tukaishika barabara ya Garsen enzi zile za vumbi na mashimo, mpaka Malindi. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Kwenye vitabu vya Wizara, hospitali ile usiku ule ilikuwa na daktari. Nani angebisha?

Na huyo aliyekosekana si lazima awe bingwa wa kusomeshwa miaka kumi na zaidi. Hospitali nyingi za kaunti nchini zinategemea klinikal ofisa, yaani matabibu wa ngazi ya chini ya daktari, waliosomea dawa ya usingizi. Klinikal ofisa husoma diploma miaka mitatu, akamaliza mwaka mmoja wa uanagenzi, kisha huongeza diploma ya juu katika fani yake. Ukipanga leo, unampata mapema kuliko yule bingwa wa 2040. KMTC, chuo cha Serikali cha kufunza wahudumu wa afya, ina tawi papa hapa Lamu. Kwa hivyo kabla ya kudai madaktari, kaunti ikae na manesi wakuu, wakunga na klinikal ofisa wa Faza, Kiunga, Witu, Mpeketoni na mjini, iandike kila kituo kinahitaji mikono gani, si mingapi tu, na nani anastaafu lini. Ni kazi ya wiki kadhaa na daftari. Sijawahi kuliona daftari hilo.

Nije kwa wanafunzi wangu. Katika shule yangu ya mwisho hadubini iliyokuwa ikiona sawasawa ilikuwa moja. Watoto hujipanga foleni, kila mmoja anainama, anatazama amiba kwa sekunde chache, anampisha mwenzake, na yule wa mwisho hukuta kengele imelia. Mtoto huyo hushindania nafasi ya udaktari na mtoto wa shule kubwa ya kitaifa ambaye hadubini ni yake na jirani yake. Nafasi ni chache na za Serikali huchukuliwa na wenye A. Wetu akipata B+ kwa hali ile, mimi mwalimu wake najua ni kichwa cha namna gani, lakini kompyuta ya kugawa nafasi haijui. Humpeleka kusomea kitu ambacho hakukiota, au mzazi auze shamba aingie kama mwanafunzi wa kujilipia. Wengi hawana shamba la kuuza.

Hapo ndipo huwa nawakumbuka Wajapani. Mwaka 1972 walianzisha chuo cha udaktari kiitwacho Jichi kwa ajili ya vijiji vyao na visiwa vyao. Kila mkoa huchagua watoto wake wawili au watatu kila mwaka, wanasomeshwa bure kwa sharti kwamba watarudi kuutumikia mkoa wao miaka tisa. Anayevunja ahadi hulipa. Japani ina mikoa 47. Sisi tuna kaunti 47. Hata hesabu ya kugawanya tumeshafanyiwa!

Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Hatuhitaji jeshi la madaktari. Watoto wawili kila mwaka, wa Pate, wa Amu, wa bara yetu, wa Kibajuni, wa Kiboni, wa Kikuyu wa Mpeketoni, yeyote aliyekulia hapa. Wapewe mwaka wa kujiandaa kwenye maabara ya maana kabla ya kuingia chuo, kisha wafanye mitihani ileile na wenzao, hakuna udaktari wa sadaka. Basari tunazokata vipande vipande ili kila wadi ionekane imepata, vingine vidogo hadi havilipi ada ya muhula, zingetosha kuanzia.

Nasisitiza aliyekulia hapa kwa sababu wageni tumewaona. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, kijana wa mbali akipangiwa Lamu mamake hulia. Simlaumu. Mwaka 2018 Serikali ilileta madaktari mia moja kutoka Cuba wakagawanywa kwenye kaunti. Mwaka uliofuata wawili walitekwa Mandera, na 2023 mpango ukafikia mwisho. Walitibu watu, tunawashukuru, wakaenda zao. Mzazi mmoja wa Siyu aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, na huyu wangu akisoma, hatabaki Nairobi?” Huenda akabaki. Lakini ana mamake Siyu, na kisheria, tukifuata mfano wa Jichi, atakuwa na deni la miaka tisa.

Kuna fundo moja gumu zaidi, nalo si la fedha tu. Hospitali hupelekewa wanagenzi ikiwa ina mabingwa wa kuwasimamia katika upasuaji, uzazi, watoto na magonjwa ya ndani. Isiyo na mabingwa haipewi wanagenzi. Isiyopata wanagenzi haizoewi na daktari yeyote, na hakuna bingwa anayetamani kwenda asikokujua. Fundo hili halifunguki kwa tangazo gazetini. Naona Wizara ikubali wanagenzi wa hospitali kubwa za Pwani wafanye sehemu ya mwaka wao huku, na mabingwa wa Mombasa na Malindi waje kwa zamu zinazojulikana, wakilipwa posho ya kweli na kupewa nyumba yenye maji. Anayefunzwa Lamu angalau atajua Mkanda ni wapi.

Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Kaunti ikiitisha wananchi kutoa maoni ya bajeti, sisi wazee wa Amu na Pate tutakuja, boti tutajilipia. Tutauliza watoto wawili wa mwaka huu ni akina nani, wanasoma shule gani, na fedha zao ziko ukurasa wa ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu