Kuhusu ile betri ya laptopu

Kariakoo, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba umeniuliza kabla ya kuitupa betri hiyo ya laptopu, kwa sababu naamini ndani yake umebaki umeme wa kuitosha redio yako.

Betri ya namna hiyo aghalabu hubeba seli 6, yaani betri ndogondogo za ndani, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zikiwa zimeunganishwa mbilimbili. Jozi moja ikichoka, kompyuta huikataa betri nzima, ingawa seli nne zilizobaki huenda zikawa nzima kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa IBM nchini India walizipima betri za laptopu zilizotupwa, wakakuta kwamba asilimia 70 ya hizo zingeweza kuwasha taa ya LED kwa zaidi ya saa 4 kila siku, mwaka mzima.

Fungua ganda taratibu kwa kufuata mshono wake, bila kuichomeka bisibisi ndani, kisha ukate vibati vinavyoziunganisha seli kimoja kimoja ili usipige shoti. Pima kila seli kwa mita ya kupimia volti: iliyojaa husoma volti 4.2, na iliyoshuka chini ya 2.5 iweke kando moja kwa moja.

Hapo nakusihi sana unisikilize. Mwaka jana niliichaji seli iliyosoma volti 1.1, kwa kuwa niliona uchungu kuipoteza. Baada ya muda mfupi niliigusa nikakuta inaunguza vidole, na plastiki yake ya kijani imeanza kujikunja pembeni. Niliibana kwa koleo nikaikimbiza uani kwenye ndoo ya mchanga, huku wanangu wamelala chumba cha pili, na tangu usiku huo sijajaribu tena kuifufua seli iliyokufa.

Zile nzima zijaze chaji, uziache wiki mbili, kisha uzipime upya, maana inayoshuka yenyewe haifai. Kwa kuchajia tumia kibao kidogo cha saketi kiitwacho TP4056, ila kiwe kile chenye ulinzi, ambacho hupokea volti 5 za chaja ya simu na kukata chaji seli inapofika volti 4.2. Kwa kuwa redio yako hutumia betri kavu 3, yaani volti 4.5, seli hizo, ambazo volti zake zinakaribia hapo, zitaiendesha bila kuongezewa kitu. Simu ndiyo itakayohitaji kifaa cha kupandisha volti hadi 5. Ukiunganisha seli mbili, ziwe na volti sawa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Niandikie vipimo vya seli zote sita kabla hujaunganisha chochote. Kibao nimekwisha kununua, na nitakutumia kwa basi la Jumamosi.

Ni mimi rafiki yako wa tangu shuleni.