Barua ya wazi kwa kiongozi mwenye dhamana ya gesi ya magari

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima, ingawa baada ya yaliyotupata juzi usiku heshima hiyo naishika kwa nguvu. Tulipanga foleni ya gesi tangu magharibi, bajaji, teksi na magari ya watu binafsi, hadi barabara ikaziba. Zamu yetu ilipokaribia, mhudumu akatoka akasema presha imeshuka, turudi asubuhi. Basi. Waliokuwa na petroli ya akiba waliondoka. Langu lilisukumwa hadi pembeni, na hesabu ya bosi haijui presha.

Mheshimiwa, mlituita wenyewe. Petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, mlisema gesi ni yetu, inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, ni nafuu na haina moshi mzito kama wa dizeli. Ni kweli. Ndiyo maana nilikopa kwenye kikoba nikafunga mfumo wa gesi kwenye gari. Mtungi umemeza buti, kwa hiyo abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku namwachia mwingine. Deni la kikoba bado nalipa.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Leo ni miaka mingi gesi inapita chini ya miguu yetu, halafu tunakesha kuitafuta! Najua bomba peke yake halijazi gari. Lazima kompresa iishindilie hadi presha ya bar 200, na kituo kisicho na bomba husubiri lori liilete kutoka kituo mama, yaani kile kikubwa chenye bomba kinachojaza malori. Mimi si fundi, ila kwa tunavyoona sisi tunaokesha pale, kompresa ni chache na zimechoka, na umeme ukikatika ndiyo mwisho. Wengine wanasema lori hukwama kwenye msongamano. Kama tunakosea, tusahihisheni.

Kituo mama cha Sam Nujoma tumekiona, tunashukuru. Tunaambiwa vingine vinakuja. Vifike Mbagala, vifike Gongo la Mboto, kwa sababu mtu wa Chanika akivuka mji kufuata gesi, nafuu yote inaishia njiani.

Lakini vituo hujengwa kwa miaka, na mimi nina watoto wa kula leo. Kwa hiyo naomba hili moja: gesi ikiwa haitoshi, semeni. Mhudumu apite kwenye foleni aseme mwisho ni gari lile. Tumeni ujumbe kwenye makundi ya madereva. Bandikeni hata karatasi getini. Nikijua mapema nitaweka petroli ya elfu tano, nitafute abiria, nirudi nyumbani na chochote.

Tuambieni, Mheshimiwa. Tuambieni kabla hatujapanga foleni.

Dereva wa gari la gesi,
Dar es Salaam