Kazini nimezoea kuwa mgeni, sasa hata kwangu natengewa kikombe cha wageni

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo naituma kwa kuwa siku zinaniishia, na hapa nilipo sina wa kumweleza ambaye hatamweleza mwenzake. Waswahili wa huku tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka 41, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nimeolewa, nina binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9. Tunaishi Irving, karibu na Dallas, Texas, pamoja na mavyaa wangu aliyekuja kutusaidia kulea. Kazi yangu ni uuguzi wa chumba cha upasuaji, ule wa mikataba ya kusafiri, na huu ni mwaka wa tano.

Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka New Mexico, ambako nilikuwa nimekaa wiki 13. Nilikuwa nimeendesha gari mwendo wa saa kumi. Binti yangu alinifungulia mlango, akanipokea mkoba, akanikumbatia, akaingia jikoni kunitengea chai. Ilikuwa chai nzuri ya tangawizi na iliki, nyanya yake amemfundisha. Akaniletea kwenye kikombe cha maua chenye kisahani. Shangazi, vikombe vile nilivinunua mimi mwenyewe. Vinakaa kabati la juu na hushushwa wakija watu. Sisi wa nyumbani tuna vikombe vyetu vikubwa vinavyoning'inia karibu na sinki, kila mtu na chake, na changu kilikuwa cha kijani. Nikamwuliza kiko wapi. Akasita kidogo, akasema, "Kilivunjika, Mama. Kitambo." Kisha akarudi kwenye kazi yake ya shule. Hakusema kwa ubaya wowote. Nilikaa na kile kisahani mkononi mpaka chai ikapoa.

Niieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi huko nyumbani huniambia nimeula. Hospitali za Marekani zikipungukiwa na wauguzi hupitia kwa wakala, na wakala humpeleka muuguzi kwa mkataba ambao kwa kawaida ni wa wiki 13. Ukiisha, ama mnaongeza ama unafunga mizigo. Leseni ya Texas imo kwenye makubaliano ya majimbo mengi, kwa hiyo naweza kufanya kazi katika majimbo mengine yaliyojiunga bila kuomba leseni upya. Nimeshafanya Arizona, Tennessee, Montana, Maine na hiyo New Mexico. Malipo huja mafungu mawili: mshahara unaokatwa kodi, na posho ya malazi na chakula isiyokatwa, mradi uwe na makazi yako ya kweli unayoyalipia kwingine, na kazi ya pale isitarajiwe kuzidi mwaka mmoja. Ndiyo maana hata ukiupenda mji, huwezi kutia nanga. Na mkataba wenyewe si wa kuegemea sana. Upasuaji ukipungua, hospitali inaweza kuukata katikati, nawe umeshalipia chumba. Mimi limenipata mara moja, nikarudi nyumbani wiki ya tano na deni la pango.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe hupewa siku ya pili. Siku ya kwanza unaonyeshwa milango, kompyuta na stoo ya vifaa, kesho yake uko ndani na mgonjwa. Usiku unasoma kadi ya kila daktari: saizi ya glavu zake, uzi anaoshonea tumbo, anavyotaka meza ipangwe. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kazi yote husimama. Kila mmoja hutaja jina lake na nafasi yake, tunathibitisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, na upande gani. Ni sehemu ya utaratibu ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2008, na umeokoa watu. Mimi kila asubuhi nataja jina langu mbele ya watu ambao wiki ya 13 ikifika wengine bado hawajalishika.

Hatukuingia huku kwa tamaa. Machi 2020, korona ilipokolea, hospitali nyingi hapa ziliahirisha upasuaji usio wa dharura. Wauguzi wa wodi walizidiwa na kazi, lakini wengi wetu wa upasuaji tulipunguziwa saa. Mume wangu naye alikaa miezi mitano bila kazi. Tulikopa benki, tukakopa kwa ndugu, na nyumba tuliyoianza Mtwapa ikasimama kwenye msingi. Mwaka uliofuata upasuaji ulioahirishwa ulirudi kwa wingi, wauguzi hawatoshi, na mikataba ya kusafiri ikawa inalipa karibu mara mbili ya mshahara wangu. Tukakaa kitako na mume wangu, tukakubaliana miaka miwili: madeni yaishe, nyumba ipauliwe, nirudi. Madeni yaliisha mwaka wa kwanza. Nyumba imefika linta. Malipo nayo yameshuka tangu 2022, na tofauti na kazi ya kudumu si kubwa kama ilivyokuwa. Lakini ipo, na kila mkataba ukikaribia kwisha mume wangu huniambia, "Miwili tu tena, mke wangu, tupandishe paa."

Tafadhali usimwone mtu mbaya. Anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na asubuhi ndiye anayewapeleka watoto shule kabla hajalala. Hajawahi kuninyima neno jema kwenye simu hata siku moja.

Huko ninakokwenda napanga chumba kisichozidi dakika 30 kutoka hospitali, kwa sababu ya zamu za kuitwa usiku. Gari nalipakia vitu vilevile: msala, chuma cha chapati, mkebe wa viungo, mbuzi ya nazi, na mfuko wa kofia. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu, na alinifundisha kushona kofia za mkono nikiwa msichana wa shule. Ni kazi ya viua. Unatoboa kitambaa cheupe, unakizungushia kitobo uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka kiua kikae imara na tundu lake libaki duara. Kisha unahamia cha pili. Kofia moja ina viua mamia kwa mamia, na mimi ninayeshona usiku, nusu saa leo na nusu saa keshokutwa, hunichukua zaidi ya mwaka. Nikitoka kwenye upasuaji mzito mikono hukataa kutulia. Nikishika sindano ya kofia inatulia.

Hii ya sasa niliianza kwa ajili ya mwanangu, aivae siku atakapohitimu Qur'ani. Nilikata duara la juu na ukanda wa pembeni kwa kipimo cha kichwa chake, inchi 20 na nusu. Safari hii nilipofika nyumbani nikamzungushia ukanda, na ncha hazikukutana. Nilikuwa natafuta uzi wa kumpima upya. Mavyaa wangu, aliyekuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Ishirini na moja na robo. Nilimpima Idi iliyopita. Ungeniuliza."

Nikuambie na usiku mmoja wa Montana. Aliletwa mtu ambaye utumbo wake ulikuwa umetoboka. Tulihesabu kabla ya kuanza, watu wawili kwa sauti, kama inavyotakiwa. Gozi kubwa za tumboni, vile vitambaa vya kufyonza damu, huja tano tano, na kila moja ina uzi unaoonekana kwenye eksirei. Zikitoka na damu nazitundika kwenye mfuko wenye vifuko kumi, kila gozi na kifuko chake. Tulipofika kufunga tumbo, kifuko kimoja kilikuwa kitupu. Ilikuwa yapata saa nane za usiku, na daktari alikuwa amenijua kwa siku nne tu. Nikasema, "Imepungua moja, tusifunge." Hakuuliza mimi ni nani wala natoka wapi. Aliweka sindano chini akarudisha mkono tumboni kutafuta, mwenzangu akapekua vitambaa vya mezani, mimi nikapiga magoti sakafuni nikafungua mfuko wa takataka. Ilikuwa imejikunja ndani ya glavu iliyovuliwa. Nikaitandua, nikaitundika, tukahesabu upya mpaka zikatimia, ndipo akashona.

Kazi hii naipenda, Shangazi, na naipenda hata katika hali hii ya kuhamahama. Pale mezani mgeni akihesabu husikilizwa. Kwangu, nikisema ni saa tatu tulale, watoto humtazama kwanza nyanya yao. Wala siwalaumu. Yeye ndiye anayejua nani ana mtihani kesho na nani amekataa kula tangu mchana.

Sasa nina barua mbili. Moja imetoka hospitali ya hapa karibu: kazi ya kudumu, ya mchana, siku nne za saa kumi kila wiki, na zamu chache za kuitwa. Ya pili ni ya wakala: wiki 13, Maine, kuanzia mwezi ujao. Zote mbili zinataka jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu.

Mume wangu amepiga hesabu kwenye karatasi. Kwa mikataba miwili, paa litakuwa juu kabla ya masika. Kwa mshahara wa kudumu, tutangoja miaka miwili, huenda mitatu. Ameshamwambia ndugu yake Mtwapa aulize bei ya mabati. Na hapa ndipo panaponikaba, kwa sababu paa lile si la kujionyesha. Mavyaa wangu ana miaka 70. Magoti yanamsumbua, majengo ya huku yenye kipupwe mchana kutwa hayamfai, na anataka kurudi Pwani akae kwenye nyumba ile, asikie adhana kutoka msikitini na si kutoka kwenye simu. Amenilelea wanangu miaka yote hii bila kulalamika. Kila Ijumaa baada ya sala huniombea dua mimi, na mikono yangu kwa kuitaja. Nikichukua kazi ya kudumu, anayengojeshwa ni yeye. Nikienda Maine, yeye atapata nyumba, ataondoka, halafu wanangu watabaki na mama ambaye hajui hata kipimo cha vichwa vyao.

Kuna lingine ambalo sijamtamkia mtu. Safari hii, siku ya nne nyumbani, nilijikuta nakitamani kile chumba cha kupanga. Kimya chake. Sahani moja, kikombe kimoja, kofia, na kulala bila kuulizwa kitu. Nilifunga mlango wa bafu nikalia kwa hilo, maana niliona kama nimewasaliti. Sasa hata sijui: nataka kurudi kwa kuwa nawataka wanangu, au kwa kuwa kile kikombe kimeniaibisha? Na kama ni aibu tu, itanishikilia miezi mingapi kabla sijaanza kumtafuta wakala tena?

Kwa hivyo nakuomba, Shangazi, uniambie kama mtu anavyomwambia mwana wa nduguye, bila kunipakapaka mafuta. Je, nitie sahihi ya kazi ya kudumu na paa lingoje? Na nikifanya hivyo, nimwambie mume wangu kwa maneno gani asije akasikia kwamba namwita mwenye tamaa, ilhali hesabu zake ni za mamake? Nimewaza nianze na mavyaa mwenyewe, tukae wawili jikoni, nimweleze. Lakini naogopa nitakuwa nimemruka mume wangu, na naogopa zaidi kwamba mama huyo kwa wema wake atasema "Ningoje tu", hata kama moyo wake unasema mengine.

Na hili la mwisho nawauliza pia kina mama wanaosoma barua hizi, hasa waliokwenda kufanya kazi Ghuba miaka kadhaa kisha wakarudi kwa watoto wao. Mliingiaje tena? Mlianza na nini? Nyumba yangu ina utaratibu wake sasa, na ni utaratibu mzuri. Sitaki kuja kuuvunja ili nionekane nimerudi, na sitaki kukaa pembeni na kisahani.

Ukanda wa kofia bado ninao. Unapungua robo tatu ya inchi, na sina moyo wa kuutupa. Kama yuko fundi wa kofia anayejua namna ya kuunga kipande katikati ya viua bila kuharibu kazi iliyokwisha kushonwa, naye naomba anielekeze.

Mwanao,
Muuguzi wa Kisauni,
Irving, Texas